Sabufa na amplifaya kwenye redio iliyokuja na gari

Mtu anayetaka besi nzito garini mwake kwa kawaida huanza kwa kuuliza sabufa ya inchi ngapi na amplifaya ya wati ngapi. Hayo ndiyo maswali mepesi, na muuzaji yeyote wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi atayajibu kabla muulizaji hajamaliza sentensi. Maswali magumu ni mawili mengine ambayo huja baadaye, mara nyingi fedha zikiwa zimeshatumika: muziki utachukuliwa wapi kutoka kwenye redio ambayo kiwanda hakikuiachia nafasi ya kuunganishwa na kitu kingine, na umeme wa kuendesha mtambo mpya utapita njia gani kutoka kwenye betri hadi kwenye buti na kurudi. Kazi nyingi zinazoharibika huharibikia kwenye mojawapo ya njia hizo mbili, na sabufa yenyewe hulaumiwa bure.

Tuanze na redio. Redio nyingi za magari huandikwa kwamba zina wati 50 mara nne. Maandishi hayo si uongo mtupu, lakini hayasemi kile mnunuzi anachodhani. Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari huwa karibu na volti 14.4, na redio ya kawaida haina kifaa cha ndani cha kuzipandisha volti hizo. Chipu yake ya kukuza sauti hufanya kazi na zile zile zilizopo. Ukizidisha 14.4 kwa 14.4, kisha ukagawanya kwa omu 4 za spika, yaani ukinzani wake kwa umeme, unapata wati 51.8, na hapo ndipo ile 50 ilipotoka. Ili wati hizo zipatikane, wimbi la sauti lazima liwe limekatwa kileleni na chini hadi likawa na umbo la mraba, yaani sauti iliyokwisha kukwaruza kabisa. Wimbi safi linalofika kilele hicho hicho hutoa nusu yake, wati 26, na baada ya hasara za chipu yenyewe kinachobaki kwa kila spika ni kama wati 20.

Wati 20 zinatosha kwa taarifa ya habari, kwa mahubiri na hata kwa gitaa za rumba. Kwa besi hazitoshi, na si kwa sababu ya umeme peke yake. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi la nyuzi nne hutikisika mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41, na muziki wa siku hizi unaotengenezwa kwa kompyuta hushuka chini zaidi ya hapo. Masafa yakipungua kwa nusu, koni ya spika inapaswa kusogea mara nne zaidi ili sauti ibaki na nguvu ile ile: iliyosogea milimita 2 kwa hezi 80 itadaiwa milimita 8 kwa hezi 40. Spika nyepesi ya mlangoni yenye upana wa sentimita 16 haina nafasi hiyo. Wahandisi wa kiwanda wanalijua hilo, na ndiyo maana katika magari mengi redio yenyewe hupangwa ipunguze besi, jambo ambalo litatusumbua mbele kidogo.

Redio chache za kiwandani zina matundu ya RCA kwa nyuma, yale ya kutolea mawimbi madogo ya sauti kwenda kwenye amplifaya, na mwenye gari la namna hiyo anaweza kuchomeka nyaya zake na kuendelea. Zilizo nyingi huendesha spika moja kwa moja, na hapo ndipo lazima mtu aelewe kinachotoka kwenye zile nyaya mbili. Ndani ya chipu ya redio kila spika ina vikuzaji viwili vinavyofanya kazi kwa kupingana, kimoja kwenye waya chanya na kingine kwenye waya hasi. Kimoja kikipanda, kingine kinashuka. Redio ikiwa imewashwa na muziki umenyamaza, nyaya zote mbili huwa na takriban nusu ya volti za betri, sita au saba, zikipimwa dhidi ya bodi ya gari. Spika haizihisi volti hizo kwa kuwa zinalingana pande zote mbili. Kwa hiyo waya hasi wa spika si hasi ya betri, na fundi anayeugusisha kwenye bodi akidhani anapata hasi ya kawaida anaifunga chipu njia fupi. Redio nyingi zilizonyamaza siku ya kufungwa sabufa zilinyamazia hapo.

Zipo njia mbili za halali. Ya kwanza ni kununua amplifaya yenye ingizo la nyaya za spika, ambayo imetengenezwa ipokee volti kubwa za aina hiyo na kuzishusha yenyewe. Ya pili ni kuweka kati ya redio na amplifaya kibadilishaji kidogo ambacho hupokea nyaya za spika upande mmoja na kutoa RCA upande wa pili. Vilivyo vingi vina transfoma mbili ndogo ndani, na transfoma hizo ndizo zinazotenga zile volti sita zisipite. Mimi huona njia ya kwanza ni bora kwa mtu anayenunua amplifaya mpya, kwa sababu inapunguza kifaa kimoja na maungio manne ya nyaya. Kibadilishaji cha bei ya chini kabisa kina ubaya wake: transfoma zake ni ndogo mno kiasi kwamba hupoteza besi ile ile unayoitafuta, na vingine huunganisha hasi ya kulia na ya kushoto pamoja, kosa linaloturudisha kwenye chipu iliyoungua.

Mahali pa kuchukulia mawimbi hutegemea gari. Kwenye Toyota nyingi zilizotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, nyuma ya redio kuna soketi mbili kuu, ya pini 10 inayobeba umeme pamoja na spika za mbele, na ya pini 6 inayobeba spika za nyuma. Zinauzwa soketi za kuchomeka katikati, dume upande mmoja na jike upande mwingine, na kwa kutumia hizo hakuna waya hata mmoja wa gari unaokatwa. Siku ya kuuza gari kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Katika saluni yenye spika kwenye ubao wa nyuma, chini ya kioo, ni rahisi zaidi kuchukua mawimbi pale pale, kwani nyaya zinaonekana ukiwa ndani ya buti. Tahadhari ni moja tu: usichukue kwenye waya wa spika ndogo za sauti nyembamba, maana kapasita iliyowekwa mbele yake imeshaondoa besi yote.

Amplifaya hubaki imeungwa na betri saa zote, hivyo inahitaji waya mwembamba wa kuiwasha na kuizima, ule unaoandikwa REM. Redio za kununua dukani huwa na waya wa bluu wenye mstari mweupe kwa kazi hiyo. Ya kiwandani kwa kawaida haina. Hapo zile volti sita zilizotutisha zinageuka kuwa msaada, kwa sababu amplifaya nyingi za sasa zenye ingizo la spika huzitambua na kujiwasha redio inapowaka, kisha kujizima zikitoweka. Kama yako haina uwezo huo, chukua umeme kwenye mzunguko unaowaka ufunguo ukiwa kwenye ACC, hatua ya kuwasha redio bila injini, kupitia fyuzi yake ndogo. Kuunga REM moja kwa moja kwenye chanya ya betri ni mkato unaofanyika sana, na matokeo yake ni amplifaya isiyolala na betri iliyokwisha asubuhi.

Sasa turudi kwenye ile besi inayopunguzwa na kiwanda. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni, redio hutoa besi ya kutosha sauti ikiwa chini, kisha kadiri unavyoongeza sauti ndivyo inavyoikata, ili spika za mlangoni zisipasuke. Ukiunga sabufa kwenye redio ya aina hiyo utashangaa kuona inanguruma vizuri kwa sauti ya maongezi na kutoweka pale unapotaka furaha. Jambo hili linapimika kabla ya kununua chochote: cheza mlio wa hezi 40 na mlio wa hezi 200, vyote vikiwa na nguvu sawa, upime volti za waya wa spika kwa mita ya fundi katika viwango vitatu vya sauti. Volti za mlio wa hezi 40 zikibaki nyuma sana ya zile za hezi 200 kadiri sauti inavyopanda, redio inakata besi. Dawa yake ni kichakata sauti cha kidijitali ambacho hupokea nyaya za spika, kikarekebisha mteremko huo na kutoa RCA safi. Ni gharama ya ziada, na mtu anayeambiwa na fundi kwamba kila gari linafanana hapaswi kuridhika bila kuona kipimo.

Magari yenye mfumo wa sauti wa jina kubwa, kama JBL kwenye baadhi ya Toyota, Bose kwenye baadhi ya Nissan na Mazda, au Mark Levinson kwenye Lexus, yana amplifaya ya kiwandani iliyofichwa chini ya kiti au pembeni mwa buti. Humo redio haiendeshi spika; hutuma mawimbi madogo kwenye amplifaya hiyo, na katika magari kadhaa ya Ulaya mawimbi hayo husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za macho, ambazo hakuna koleo linaloweza kuzichuna na kuziunga. Njia rahisi ni kuchukua mawimbi baada ya amplifaya ya kiwandani, kwenye nyaya zinazokwenda kwenye spika za besi, ingawa mara nyingi yatakuwa yameshachujwa. Baadhi ya Honda zina jambo lingine la kushangaza: maikrofoni darini husikiliza ngurumo ya injini, na mfumo hutuma sauti ya kinyume kupitia spika ili kuizima. Sabufa mpya ikianza kupiga, mfumo huo huiona besi kama ngurumo ya injini na kupambana nayo, na kabini hujaa mvumo usioeleweka hadi moduli hiyo iondolewe kwenye soketi yake.

Ni haki kuuliza kwa nini mtu asing'oe redio ya kiwandani kabisa. Kwa gari lililotengenezwa kwa soko la Japani sababu ya kuing'oa ipo hata bila sabufa: FM ya huko kwa miaka mingi ilikuwa kati ya megahezi 76 na 90, wakati vituo vya Afrika Mashariki viko kati ya 87.5 na 108, na kile kifaa cha kuongezea masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena hufanya kazi hiyo kwa kusuasua. Redio ya dukani yenye matundu matatu ya RCA, moja likiwa la sabufa peke yake, humaliza karibu kila tatizo nililolieleza hadi hapa. Kwa Vitz, IST au Probox ya zamani nisingefikiri mara mbili. Kwa gari ambalo skrini yake ndiyo inayoonyesha kamera ya nyuma na mipangilio ya kiyoyozi, kubaki na ya kiwandani ni busara, na ndiyo hali inayofanya maelezo yote ya juu yawe na maana.

Njia ya umeme ndiyo inayoweza kuchoma gari. Chukua amplifaya ya daraja D inayotoa wati 500 za kweli. Aina hiyo hugeuza takriban asilimia 80 ya umeme inaoula kuwa sauti, kwa hiyo ikifika kikomo inakula wati 625, kiasi kinachozidi balbu kumi na moja za kawaida za taa kubwa za mbele zikiwashwa kwa pamoja. Gawanya kwa volti 13.8, unapata ampia 45. Amplifaya ya daraja AB yenye nguvu ile ile, kwa kuwa hupoteza karibu nusu kama joto, ingevuta zaidi ya ampia 60. Hakuna waya wowote uliopo tayari ndani ya gari, wa taa wala wa kiberiti cha sigara, uliotengenezwa kubeba mzigo huo kuelekea nyuma, kwa hiyo kebo mpya kutoka kwenye betri haikwepeki.

Unene wake haukisiwi, unakokotolewa. Kebo ya shaba yenye milimita za mraba 20, ambayo madukani huitwa namba 4, ikiwa na urefu wa mita tano na kubeba ampia 45, hupoteza volti 0.2 hivi. Ya milimita 8, inayoitwa namba 8, hupoteza karibu nusu volti, na yote hiyo hugeuka joto ndani ya kebo. Tatizo la soko letu ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye ganda mara nyingi haihusiani na kilichomo. Kebo nyingi za seti za bei nafuu zina plastiki nene na nyuzi chache katikati, na nyuzi zenyewe ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo uwezo wake wa kupitisha umeme ni takriban theluthi mbili tu ya shaba halisi. Ni rahisi kuigundua: kata kipande, kwaruza uzi mmoja kwa kisu, na ukiona weupe chini ya wekundu umejua. Si lazima uitupe, bali uihesabu kuwa nyembamba kwa hatua moja kuliko ilivyoandikwa. Anayeuziwa alumini kwa bei ya shaba, hata hivyo, ana haki ya kukasirika.

Fyuzi kuu hukaa karibu na betri, ndani ya sentimita 45 za kwanza za kebo. Watu hudhani inalinda amplifaya, nao huiweka karibu na amplifaya, kwenye buti, au hawaiweki kabisa kwa kuwa amplifaya ina fyuzi zake ubavuni. Fyuzi kuu hulinda kebo, na kupitia kebo hulinda gari na waliomo. Kebo hiyo hupita kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na kabini, ikapita chini ya zulia, ikakanyagwa na watu na viti; siku ganda lake litakapochunika na shaba ikagusa bodi, betri itamwaga mamia ya ampia bila kusita, na kebo itakuwa nyekundu kabla dereva hajajua moshi unatoka wapi. Fyuzi iliyo mwanzoni mwa njia ndiyo pekee inayoweza kuusimamisha umeme huo. Kwa mfano wetu fyuzi ya ampia 60 inafaa. Tundu la bati lazima liwe na raba yake, na anayetoboa jipya alitie raba kabla ya kupitisha kebo. Kuhusu tabia ya kuzungushia waya mtupu mahali pa fyuzi iliyoungua, sina maneno ya adabu.

Umeme unaokwenda lazima urudi, na njia ya kurudi ni bodi ya gari. Waya hasi wa amplifaya uwe mnene kama ule wa chanya na mfupi iwezekanavyo, nusu mita au pungufu. Rangi ikwanguliwe hadi bati ling'ae, kichwa cha waya kibanwe kwa bolti na nati, kisha pakwe grisi au rangi juu yake ili kutu isiingie, hasa kwa magari ya Tanga, Mombasa au Unguja ambayo hewa ya chumvi huyala taratibu. Bolti ya mkanda wa usalama haitumiki kwa kazi hii, hata kama ndiyo iliyo karibu na inaonekana imara. Hasi mbovu ndiyo chanzo cha kawaida cha ule mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini, ambao watu huuita wa alternata. Chanzo kingine ni nyaya za RCA zilizolazwa sambamba na kebo ya umeme. Zipitishwe ubavu wa pili wa gari.

Je, alternata ya gari dogo itaweza? Nyingi hutoa kati ya ampia 60 na 100, na gari lenyewe hutumia sehemu kubwa ya hizo usiku likiwa na taa, feni na kiyoyozi. Hesabu ya ampia 45 ni ya kilele tu, kwani muziki una mapengo kati ya mapigo, na wastani wake huwa theluthi moja ya kilele au chini ya hapo. Kwa wati 500 gari lenye alternata nzima na betri ya N50 iliyo na afya halina haja ya kuongezewa kitu. Taa zikififia kila ngoma inapopiga, muuzaji atakushauri kapasita kubwa ya faradi moja, yenye taa za bluu za kupendeza. Fanya hesabu kwanza. Kapasita hiyo ikishuka kutoka volti 13.8 hadi 12.8 hutoa nishati ya jouli 13, na amplifaya inayokula wati 625 huzimaliza kwa takriban sehemu mbili za mia za sekunde. Pigo moja la ngoma hudumu mara kadhaa ya hapo. Fedha hizo zina kazi bora zaidi kwenye betri mpya, au kwenye kunenepesha waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi, ambao kiwanda huufunga mwembamba kwa kuwa hakikutarajia mgeni.

Sabufa yenyewe inahitaji kulingana na amplifaya katika mambo mawili: wati za kudumu, ambazo huandikwa RMS, na omu. Ule wati elfu mbili ulioandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi haufai kwa hesabu yoyote. Sabufa yenye koili mbili (misokoto ya waya inayoisukuma koni) za omu 4 ikiungwa sambamba huwa omu 2, ikiungwa kwa mfululizo huwa omu 8, na amplifaya hutoa nguvu nyingi zaidi kadiri omu zinavyopungua, hadi kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji. Kushuka chini ya kikomo hicho, kwa mfano kwa kuunga sabufa mbili za namna hiyo sambamba hadi omu 1 kwenye amplifaya ya omu 2, ni kuifanya ijizime kila baada ya nyimbo mbili au iungue moja kwa moja.

Boksi lina athari kubwa kuliko jina la sabufa, jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sababu boksi lina faida ndogo. Boksi lililofungwa kabisa, la lita 30 hivi kwa sabufa ya inchi 12, hutoa besi fupi na safi, na husamehe makosa ya vipimo. Boksi lenye tundu hutumia hewa iliyo kwenye tundu hilo kama ile inayovuma mtu anapopuliza mdomo wa chupa: kwa masafa liliyopangiwa, kwa kawaida kati ya hezi 32 na 40, sauti hupanda sana bila amplifaya kuongeza chochote. Gharama yake ni ukubwa, mara nyingi lita 50 na zaidi, na hatari iliyo chini ya masafa hayo, ambako hewa haiizuii tena koni na sabufa hurukaruka hadi kuvunjika ikiwa hakuna kichujio cha kuondoa masafa ya chini kabisa. Lililofungwa pia hupata msaada wa bure kutoka kwa gari. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba, ambao kabini haiwezi kuubeba, kwa hiyo kuanzia takriban hezi 60 kushuka chini hewa yote ya kabini hubanwa na kuachiwa kwa pamoja, na kadiri masafa yanavyoshuka ndivyo sauti inavyopata nguvu. Ndiyo maana hata sabufa nyembamba ya inchi 8 ya kuweka chini ya kiti, yenye amplifaya yake ndani, huweza kumtosheleza mtu ambaye buti lake ni la mizigo na watoto.

Kimebaki kitufe kinachoharibu sabufa nyingi kuliko kingine chochote: geini. Kipo ili kulinganisha nguvu ya mawimbi yanayoingia na uwezo wa amplifaya. Si cha kuongezea sauti. Redio ikiwa na nguvu nyingi na geini ikawa juu, amplifaya hufika kikomo mapema, wimbi hukatwa kuwa la mraba, na koili hupokea joto ambalo haikuundwa kulihimili. Kipimo chake kiko ndani ya uwezo wa mtu yeyote mwenye mita. Kwa wati 500 kwenye omu 2, zidisha viwili hivyo upate 1,000. Kipeuo chake cha pili ni volti 31.6. Ondoa nyaya za sabufa, zima kila kiongeza besi, cheza mlio wa hezi 50 redio ikiwa kwenye robo tatu ya sauti, weka mita kwenye volti za AC katika matundu ya kutokea ya amplifaya, kisha pandisha geini taratibu hadi namba hiyo na uiache hapo. Mlio wa hezi 50 unafaa kwa sababu ndiyo masafa ya umeme wa nyumbani, na hata mita ya bei ya chini huyapima kwa usahihi. Kile kitufe cha kuongeza besi kilicho kando yake kiachwe sifuri. Desibeli 6 tu zinaidai amplifaya nguvu mara nne, na 12 mara kumi na sita.

Kichujio cha LPF cha amplifaya, kinachopitisha masafa ya chini tu, kiwekwe karibu na hezi 80, ili sauti za waimbaji zisitokee kwenye buti. Upande wa pili wa mpaka huo ni mgumu zaidi kwa redio ya kiwandani, kwa sababu spika za mlangoni zitaendelea kuhangaika na besi ambayo sasa si kazi yao, na ukipunguza besi kwenye redio unaipunguzia sabufa pia, kwa kuwa zote zinakula sahani moja. Ufumbuzi wa bei ndogo ni kapasita isiyo na upande wa chanya na hasi, ya mikrofaradi 470, iliyowekwa kwa mfululizo kwenye waya wa kila spika ya omu 4, baada ya pale ulipochukulia mawimbi ya amplifaya. Kapasita hiyo huanza kuzuia masafa yaliyo chini ya hezi 85 hivi, na spika za mlangoni, zikishatuliwa mzigo huo, hupiga kwa sauti kubwa zaidi bila kukwaruza.

Kisha mtu mmoja akae kwenye kiti cha dereva, mwingine abonyeze swichi ya amplifaya ya kugeuza awamu, yaani kama koni inaanza kwa kusogea mbele au nyuma, kati ya 0 na 180 huku wimbo wenye gitaa la besi ukipigwa. Upande ambao besi inasikika imejaa zaidi mbele ndio ulio sahihi, na hakuna kanuni inayoweza kuutabiri kutoka mezani. Kitakachobaki kulalamika baada ya hapo ni bati. Kibao cha namba, mfuniko wa buti na plastiki za pembeni zitatikisika kwa masafa yao wenyewe, na vipande vichache vya sponji nyuma ya kibao pamoja na mpira wa lami chini ya mfuniko huzinyamazisha kwa gharama ndogo kuliko kitu kingine chochote kilichonunuliwa katika kazi nzima.